Mkono Uliobaki: Maisha ya Paul Wittgenstein



Ukisoma falsafa, jina la Wittgenstein huwezi kulikwepa. Ludwig Wittgenstein, yule wa lugha na mantiki, ametunyima usingizi mafrateri wengi. Mimi nilimsoma mwaka mzima bila kujua kwamba alikuwa na kaka mpiga piano, na kwamba enzi za uhai wao, huko kwao Vienna, kaka huyo ndiye aliyekuwa na jina. Aliitwa Paul. Nilipoanza kufuatilia maisha yake nikaona hii ni habari ya kuwaletea hapa, maana inagusa jambo linalotusumbua wengi wetu: ufanye nini pale mpango wa maisha uliokuwa nao unapovunjika, na ukipewa mpango mwingine, utaupokea kwa moyo gani?

Niseme mapema, Paul si mtakatifu wala simleti kama mtakatifu. Alikuwa mtu mgumu, mwenye hasira za karibu, na mambo yake mengine hayakunyooka. Lakini Mungu hatufundishi kwa watakatifu peke yao.

Nyumba yenye muziki na huzuni

Paul alizaliwa Vienna, Austria, tarehe 5 Novemba 1887. Baba yake, Karl, alikuwa tajiri mkubwa wa viwanda vya chuma. Upande wa baba ulikuwa na asili ya Kiyahudi lakini ulishakuwa wa Kiprotestanti, na mama, Leopoldine, alikuwa Mkatoliki. Watoto wote walibatizwa na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Walikua wanane, Paul akiwa wa saba na Ludwig kitinda mimba.

Nyumba yao ilijaa piano. Watunzi wakubwa wa wakati ule, akina Brahms na Mahler, walikuwa wageni wa familia. Ungesema hapo hakuna kinachopungua. Lakini utajiri haukuweza kuzuia huzuni kuingia mlangoni. Kaka yao Hans alipotea akiwa Marekani mwaka 1902, na inaaminika alijiua. Rudolf alijiua mwaka 1904. Kurt naye alijiua vitani mwaka 1918. Kaka watatu. Paul alibeba msiba huo maisha yake yote. (Na wewe unayesoma hapa, kama mawazo ya namna hiyo yanakujia, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu leo hii: mzazi, rafiki, padre, daktari. Si aibu hata kidogo.)

Baba hakutaka watoto wa kiume wawe wanamuziki, alitaka warithi wa viwanda. Paul aling'ang'ania piano. Alifundishwa na Theodor Leschetizky, mmoja wa walimu wa piano waliosifika kuliko wote Ulaya, na masomo ya utunzi akayapata kwa Josef Labor, mtunzi na mpiga kinanda cha kanisa aliyekuwa kipofu. Desemba 1913, akiwa na miaka 26, alifanya onesho lake la kwanza kubwa Vienna. Sasa maisha yakaanza kufunguka.

Miezi minane baadaye vita ikaanza.

Sanduku tupu

Agosti 1914 Paul alikuwa ofisa wa jeshi la Austria upande wa mashariki, eneo ambalo leo ni Poland. Wakiwa katika kazi ya kuchunguza nafasi za adui, risasi ikampiga kiwiko cha mkono wa kulia. Akapelekwa hospitali ya vitani, akazimia, na alipoamka mkono haukuwepo. Kabla hajaanza hata kulia vizuri, Warusi waliiteka hospitali ile pamoja na wagonjwa na madaktari wake. Kwa hiyo ndani ya siku chache alipoteza mkono na uhuru pia. Akasafirishwa kama mfungwa mpaka Omsk, Siberia.

Hebu fikiria. Mpiga piano wa miaka 26, mkono wa kulia haupo, yuko kambini kwenye baridi ya Siberia na hajui atarudi lini. Nani angemlaumu kama angekata tamaa?

Paul alitafuta sanduku tupu la mbao. Akachukua mkaa, akachora juu yake vibonyezo vya piano. Kisha akaanza kufanya mazoezi kwa mkono wa kushoto juu ya mbao zile. Saa kwa saa. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa vidole vikigonga ubao. Muziki wenyewe alikuwa akiusikia kichwani tu.

Kitu kilichompa moyo ni kwamba alijua jambo hilo limewahi kufanyika. Kule Hungaria alikuwepo Géza Zichy, mtu wa ukoo wa kitawala aliyepoteza mkono wa kulia akiwa kijana na bado akawa mpiga piano. Paul pia alimwandikia mwalimu wake Labor akimwomba amtungie kitu cha mkono wa kushoto. Inapendeza kujua kwamba barua ilipofika, yule mzee kipofu alikuwa tayari ameshaanza kutunga bila kuombwa. Mwakilishi wa Denmark, nchi isiyokuwa vitani, alipopata habari za mfungwa anayegonga sanduku, alisaidia akahamishiwa mahali penye piano ya kweli.

Mimi sanduku lile nimelitafakari sana. Wengi tunasali hivyo. Kuna majira sala inakuwa kama kugonga ubao mkavu: maneno unayajua, rozari unaimaliza, husikii kitu. Paul alijua kwamba ukimya wa sanduku haumaanishi muziki haupo. Vidole vilikuwa vinajifunza hata pale sikio lilipokuwa halipati chochote. Aristotle anafundisha kwamba mtu anakuwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mwenye haki kwa kutenda haki. Hasemi ungoje kwanza ujisikie. Unatenda, na kwa kutenda unaumbwa.

Mwishoni mwa 1915 alirudishwa nyumbani kwa mpango wa kubadilishana wafungwa majeruhi. Akafanya mazoezi saa nyingi kila siku, na Desemba 1916 akapanda tena jukwaani Vienna akipiga muziki ule wa Labor. Tusidanganyane, alikuwa na bahati ambayo wengi hawakuwa nayo. Maelfu ya askari walirudi bila mikono na hawakuwa na urithi wa viwanda vya chuma. Lakini fedha inanunua piano, hainunui subira ya kuanza upya kwenye sanduku.

Muziki kutoka kwa adui wa jana

Tatizo likabaki moja: muziki wa mkono mmoja ulikuwa mchache. Paul akaamua kutumia urithi wake kuwaagiza watunzi wakubwa wamtungie. Wakamtungia Korngold, Franz Schmidt, Richard Strauss, Hindemith, Prokofiev, na baadaye Britten. Na mwaka 1929 akamwendea Mfaransa Maurice Ravel.

Hapa simama kidogo. Ufaransa na Austria walikuwa maadui vitani. Ravel mwenyewe, ingawa alikuwa mfupi na dhaifu wa mwili, aliendesha malori ya jeshi karibu na Verdun, mahali palipoteketea watu kwa malaki. Alipoteza marafiki wengi. Sasa mwanajeshi wa upande ule mwingine anakuja na mkono mmoja, anaomba muziki. Ravel akakubali. Kumbe upatanisho wakati mwingine hauanzi kwa hotuba, unaanza mtu anapokubali kumfanyia kazi nzuri aliyekuwa adui wa taifa lake.

Ravel alikuwa ametoka kuzunguka Marekani mwaka 1928 kwa miezi kadhaa. Kule alikwenda Harlem, New York, kusikiliza jazi ikipigwa na wenyewe, yaani Wamarekani weusi, wana na wajukuu wa watu waliouzwa utumwani. Alivutiwa sana, na sauti ile ikaingia katika konseto aliyomtungia Paul. Konseto ni muziki mrefu wa chombo kimoja pamoja na okestra nzima. Hii ya mkono wa kushoto ilikamilika mwaka 1930. Ni ya kipande kimoja kisichokatika, na huchukua kama dakika 18 hivi.

Kwa nini ni ngumu hivyo

Kama unapiga kinanda kwaya ya parokia, utanielewa haraka. Kwa kawaida mkono wa kulia ndio unaobeba wimbo na wa kushoto unashika besi. Ravel hakutaka msikilizaji asikie muziki wa kuonewa huruma. Alitaka ukifumba macho usijue kwamba anayepiga ana mkono mmoja. Kwa hiyo mkono ule mmoja unafanya kazi zote. Kidole kidogo kinagonga besi chini kabisa, kisha mkono unaruka juu kushika sauti za kati, na kidole gumba, ambacho kwa mkono wa kushoto ndicho kilicho upande wa juu, kinaimba wimbo. Pedali ya mguu ndiyo inayoishikilia besi isife wakati mkono umeshaondoka. Ukikosea pedali kidogo tu, ama besi inakatika, ama sauti zote zinavurugika kama maji ya tope.

Halafu kuna mwili wenyewe. Vibonyezo vya piano ni 88, na mkono wa kushoto inabidi uvifikie vyote, mpaka mwisho wa upande wa kulia. Mpigaji lazima aegemeze mwili wote huku hana mkono wa pili wa kujishikiza.

Muziki unaanza gizani, kwa vyombo vyenye sauti nzito kabisa vikinguruma polepole, mpaka okestra nzima inapanda kama jua linachomoza. Kisha okestra inanyamaza na mkono ule mmoja unaingia peke yake. Baadaye mwendo unabadilika, unakuwa wa haraka kama gwaride la askari, na hapo ndipo jazi inapojitokeza wazi: nota zilizoshushwa kidogo kwa namna ya bluzi, tromboni zinazoteleza, na mkazo unaoangukia mahali usipoutegemea. Gwaride linasema moja-mbili, jazi inakuja katikati. Mpigaji asiposhika mapigo ya ndani kwa uthabiti atapotea, na kipimo cha nje hakimsaidii maana ndicho kinachochezewa. Na mwishoni kabisa, mkono ukiwa umeshachoka, okestra inanyamaza tena na mkono unatakiwa kubeba besi, mawimbi ya nota za kati na wimbo, vyote kwa pamoja, kwa upole. Si mchezo.

Unadhani Paul aliupenda? Wala. Ravel alipompigia kwa mara ya kwanza, tena kwa mikono yote miwili maana hakuwa mpiga piano wa kiwango hicho, Paul hakuvutiwa. Alilalamika juu ya ule mwanzo mrefu wa piano peke yake, akidai angetaka kupiga bila okestra asingeagiza konseto. Ilimchukua miezi ya kuusoma na kuufanyia mazoezi ndipo akatambua kwamba ameshika kitu kikubwa. Yaani zawadi ilikuwa mikononi mwake, lakini kuiona ilihitaji kazi.

Ugomvi juu ya neno mtumwa

Onesho la kwanza lilifanyika Vienna tarehe 5 Januari 1932, likapokelewa vizuri. Ravel hakuwepo. Muda mfupi baadaye alifika Vienna pamoja na mpiga piano Marguerite Long, na Paul akawaandalia jioni nyumbani kwake. Baada ya chakula akaupiga muziki ule, piano ya pili ikishika nafasi ya okestra.

Marguerite Long, aliyeketi karibu na Ravel, aliona uso wa mtunzi ukibadilika. Paul alikuwa ameugeuza muziki. Alichukua sehemu za okestra akazipa piano, akabadilisha baadhi ya mipatano ya sauti, akakata mahali, na mwishoni akaongeza mapambo yake mwenyewe. Ravel alimwendea akiwa amewaka. Paul alijitetea kwamba yeye ni mpigaji mzoefu na muziki ulivyoandikwa hausikiki vizuri. Ravel naye akajibu kwa uzoefu wake wa kutunga. Usiku ule Ravel na Marguerite walirudi kwa miguu kwenye baridi kali.

Ugomvi ukaendelea kwa barua. Paul aliandika kwamba mpigaji hapaswi kuwa mtumwa. Ravel akamjibu kwamba wapigaji ni watumwa. Nani alikuwa sahihi?

Mimi naona neno lenyewe linauma, hasa ukikumbuka kwamba jazi iliyoupamba muziki ule ilizaliwa na wazao wa watumwa wa kweli. Hao hawakuhitaji kufundishwa maana ya kumilikiwa. Na muziki wao unatuonesha jambo ambalo Paul na Ravel, katika hasira zao, huenda hawakulitazama: mpiga jazi ana uhuru mkubwa wa kubuni, lakini kwanza anaujua wimbo, anayashika mapigo, anawasikiliza wenzake. Asipofanya hivyo si uhuru, ni kelele.

Kwa hiyo Paul alikuwa na haki kwamba mpigaji si mashine. Ana akili, ana moyo, na muziki unapita katika mwili wake. Lakini Ravel alikuwa na haki zaidi. Muziki haukuwa mali ya Paul, ingawa aliulipia. Aliupewa ili autumikie. Na mapambo yake hayakutoka katika kuuelewa zaidi; yalitoka katika haraka ya kujionesha.

Hapa najisemea mwenyewe kwanza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano unafundisha kwamba katika liturujia hakuna mtu, hata akiwa padre, anayeruhusiwa kuongeza, kuondoa au kubadilisha kitu kwa mamlaka yake binafsi. Nilipokuwa mdogo seminarini niliona ni ukali. Sasa naelewa kwamba Misa si yangu. Waamini hawaji kunisikia mimi. Na wewe mpiga kinanda, usiku wa Pasaka ukigeuza Gloria kuwa uwanja wa kuonesha vidole vyako mpaka watu wanaacha kuimba na kuanza kukutazama, ujue umekaa kwenye kiti cha Paul jioni ile. Bikira Maria alijiita mtumishi wa Bwana, na hakuna binadamu aliyekuwa huru kuliko yeye. Kristo mwenyewe alitwaa hali ya mtumwa. Utumishi wa Injili haumfuti mtu. Unamwondoa tu katikati ya picha.

Mwisho wake Paul alikubali kwa maandishi kuupiga kama ulivyoandikwa, na Januari 1933 akaupiga Paris, Ravel mwenyewe akiiongoza okestra. Nafikiria Paul ameketi pale, mtunzi amesimama mbele yake, kila nota ikijulikana na wote wawili. Hapo ndipo alipojaribiwa kweli. Kujifunza nota ngumu alishaweza. Kuziacha zilivyo ndiko kulikomshinda zaidi.

Aliyobaki nayo

Sitaki kumaliza kama sinema. Tabia haikubadilika kwa siku moja. Konseto aliyotungiwa na Prokofiev mwaka 1931 alisema haielewi, na hakuipiga kamwe. Ile ya Hindemith aliifungia ndani, ikaja kupatikana zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, na kupigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Zawadi zilizofukiwa ardhini, kama yule mtumishi wa talanta moja. Mtu yuleyule aliyetumia vizuri mkono uliobaki aliwanyima wengine muziki alioushikilia. Sisi nasi tuko hivyo, nusu mtumishi mwaminifu, nusu mchoyo.

Mwaka 1938 Wanazi waliichukua Austria. Paul, Mkatoliki aliyebatizwa, mwanajeshi aliyetoa mkono wake kwa nchi ile, akahesabiwa Myahudi kwa sababu ya mababu zake, akazuiwa kupiga hadharani na kufundisha. Akakimbia, akafika Marekani. Alikuwa na watoto wawili wa kike na mwanafunzi wake Hilde, mwanamke mwenye upofu, nje ya ndoa. Aliwatoa Austria wote, na baadaye yeye na Hilde wakafunga ndoa nchini Cuba.

New York alifundisha piano, kwa miaka kadhaa katika chuo cha masista wa Moyo Mtakatifu. Mwaka 1957 alitoa vitabu vya mazoezi ya mkono wa kushoto, yote aliyoyajua akiyaweka wazi kwa watakaomfuata. Alifariki tarehe 3 Machi 1961.

Tangu hapo, mpiga piano yeyote anayeumia mkono wa kulia anakuta mlango upo wazi. Siegfried Rapp, Mjerumani aliyepoteza mkono katika Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyekuja kuipiga ile konseto ya Prokofiev mwaka 1956. Na ile ya Ravel inapigwa duniani kote, hata na wenye mikono miwili, na mkono wao wa kulia unakaa kimya mapajani.

Tujiulize

Ni kitu gani kimekatwa katika maisha yangu ambacho bado nakililia, na ni mkono gani umebaki ambao sijaanza kuufanyisha mazoezi?

Katika utume wangu, kwaya, jumuiya au VIWAWA, natumikia kile nilichopewa, au nakiongezea mapambo ili nionekane mimi?

Ni zawadi gani nimeifungia ndani kwa sababu siielewi?

Tusali

Ee Bwana, wewe unajua tulichokipoteza, na hukutudharau tulipolia. Tupe subira ya kugonga sanduku kavu mpaka vidole vyetu vijifunze. Utuondolee haraka ya kujionesha, tuupige wimbo wako kama ulivyouandika. Uwapumzishe kwa amani Paul na ndugu zake, na wote waliorudi vitani wakiwa pungufu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Jumapili njema, na tuombeane.